Mkia Yupo

Kilima chenyewe hakikuwa cha kumtisha mtu. Mbuzi angekipanda huku anatafuna, na mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu alikuwa akikipanda kila Jumamosi, mpaka Jumamosi iliyopita alipopanda asishuke. Mpelelezi alisimama chini yake asubuhi ile, mikono kiunoni, akakiangalia kama mtu anavyoangalia ngazi za jengo ambalo lifti yake imeharibika. Kazi yake ilikuwa ya kiti na meza, na tumbo lake halikulificha hilo.

Nyuma yake walikuwa wanachama wa Chama cha Watembeaji, wamevaa fulana zao za kijani, kila mmoja na chupa yake ya maji. Alikuwa amewaomba warudie safari ileile, njia ileile, kila mtu mahali pake palepale. Walikubali, lakini kwa shingo upande. Kinyozi, ambaye siku zote ndiye mchekeshaji wao, alinyamaza kana kwamba amemeza mkasi. Binti wa marehemu alisimama peke yake karibu na bango la njia, kitambaa kichwani, macho chini.

Mwenye haraka alikuwa Mpelelezi. Mume wa huyo binti alikuwa rumande, na kesho asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kumuua mama mkwe wake, mwalimu huyo mstaafu. Jalada lilikuwa mezani kwa mkuu wa kituo, limebakiza sahihi. Mpelelezi mwenyewe ndiye aliyeliandaa, na tangu jana jioni yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa haliamini. Akikosea leo, kesho mtu asiye na hatia ataanza safari ambayo kurudi kwake ni kazi.

Jalada lilisema hivi. Njia ya kilima ina kona tatu: Kona ya Bango, Kona ya Mawe, na Kona ya Tangi, palipojengwa tangi la maji. Korongo moja linapita chini ya kona hizo mbili za mwisho, na humo ndimo Mwalimu alimokutwa siku ya pili, fimbo yake pembeni, imeng'oka mpira wake wa chini. Kufika Kona ya Tangi alikuwa mzima, maana kundi zima lilimsikia akiitikia. Juu ya tangi njia imewekewa uzio wa vyuma unaomfika mtu kifuani. Hapo huanguki mpaka uinuliwe. Na aliyebaki nyuma tangini, wengine wote wameshapita, alikuwa mkwe peke yake. Yeye alisema alikaa kufunga kamba ya kiatu, akaona bora apumzike, na muda wote ule hakupita mtu. Wapelelezi walicheka. Mkia uitike, halafu hakuna aliyepita? Alipita angani?

Hapo ndipo kesi ilipojifunga, kwenye neno hilo la mkia.

Chama kilikuwa na desturi yake, na mwanzilishi wake alikuwa Mwalimu mwenyewe. Anayetangulia huitwa kichwa, anayefunga msafara huitwa mkia, na hakuna mtu anayetembea mbele ya kichwa wala nyuma ya mkia. Kila kona kichwa husimama, akaita, "Kichwa kipo!" Kutoka nyuma mkia huitikia, "Mkia upo!" Kwa kuwa kona zote zimezungukwa na miamba, anayeita hamwoni anayeitika. Wanasikilizana tu. Sauti mbili zikishapatikana, waliomo katikati wanahesabiwa wazima, na msafara unaendelea.

Mwalimu alikuwa mkia tangu chama kianze. Alifundisha Kiswahili maisha yake yote na hakustaafu kukifundisha. Kinyozi alikuwa akimchokoza: mkia si ni wewe, Mwalimu, na wewe si mtu? Basi si useme mkia yupo? Mwalimu hakucheka hata mara moja. Alikuwa akimjibu kwamba yeye atakufa na mkia utabaki, kwa hiyo mkia ni cheo, si mtu, na mkia upo. Aliyesema yupo alisimamishwa palepale njiani arudie mpaka apatie, hata kama jua linawachoma wengine. Wanachama walilalamika, wakazoea, mwisho wakajivunia.

"Tuanze," Mpelelezi alisema.

Mwenyekiti alitangulia, kwa kuwa yeye ndiye kichwa. Alikuwa daktari wa meno, na alizungumza na watu wote kana kwamba wameachama kwenye kiti chake na hawawezi kujibu. Mpelelezi alitembea naye mwanzoni, akihema. Nafasi ya mkia alipewa Koplo, msichana mwembamba wa kituoni, ambaye alipanda kilima kama anakwenda dukani. Mbele ya Koplo alikuwa binti wa marehemu. Siku zote nafasi yake ilikuwa hiyo, mbele ya mama yake.

Mwenyekiti hakuhitaji kuulizwa. Alieleza kwamba siku ile, hapa hapa chini, mkwe na mama mkwe walirushiana maneno. Mkwe alitaka Mwalimu abaki kwenye gari, magoti yale yatamwangusha. Mwalimu akamwambia kwamba alimpa binti, hakumpa magoti. Watu walicheka, mkwe akanuna, akatangulia mbele na kundi la vijana.

"Lisemwalo lipo, Afande," Mwenyekiti alisema. "Na kama halipo, laja."

"Na wewe? Nasikia ulikuwa na kikao cha kumvua umkia."

Mwenyekiti alikanyaga vibaya, akajiweka sawa. Alikiri kwamba kikao kilikuwa kipangwe. Mwanachama mmoja alikuwa amemwona Mwalimu ameketi njiani, na sheria ya chama ni kwamba mkia haketi. Mkia akiketi, anayekuja kuchoka nyuma hana mtu wa kumwokota. Lakini walitaka kumuaga kwa heshima, kwa keki na picha. Haikuwa ugomvi. Mpelelezi akamwacha. Siku ile Mwenyekiti alikuwa mbele ya macho ya watu wote mwanzo mpaka mwisho. Hangeweza kumsukuma mtu aliyeko mkiani hata kama angekuwa na mikono mirefu kama bomba.

Halafu, bila kuulizwa tena, Mwenyekiti akasema jambo ambalo Mpelelezi alilichukua akaliweka. Alisema msiba ni kitu kigumu, juzi alipiga simu nyumbani kutoa pole, binti akapokea, na yeye nusura aiangushe simu. Mama na mwana walikuwa na sauti moja. Hata mwenye duka la mtaani kwao alikuwa akimpa binti shikamoo ya mama.

Kona ya Bango waliipita vizuri. Mwenyekiti aliita, Koplo akaitikia kwa sauti nyembamba, "Mkia upo," wanachama wakaangaliana. Ilikuwa sauti ngeni mahali pa sauti waliyoizoea. Kinyozi alifuta jasho ambalo halikuwapo.

Kona ya Mawe ilikuwa nyembamba. Upande mmoja mwamba, upande mwingine kokoto zinazoteremka kuelekea korongoni, na pembeni kabisa jiwe bapa ambalo mtu aliyechoka hawezi kuliona akaacha kulitamani. Uzio haukuwapo hapo. Polisi hawakupapekua, kwa sababu mkia uliitika juu zaidi ya hapo. Nani anatafuta sindano chumba ambacho hakushonea? Mwenyekiti aliita, Koplo akaitikia, msafara ukaendelea.

Ukaendelea bila Koplo. Alikuwa ameagizwa tangu asubuhi. Akishaitikia Kona ya Mawe aketi kwenye jiwe, awaache watu waende, na akiitwa asiitike, hata akiitwa kwa jina alilopewa na bibi yake. Binti aligeuka mara moja, akamwona ameketi, akafungua mdomo, akaufunga. Aliendelea kupanda. Mpelelezi, ambaye alikuwa amejibanza pembeni kuwapisha watu, aliliona hilo.

Kilichomleta kilimani kilikuwa kipande cha video. Kinyozi hupiga picha za kila safari, na siku ile Kona ya Tangi alikuwa ameinua simu yake kupiga nyuso za watu waliochoka. Kwenye video Mwenyekiti anaita, sauti ya nyuma inaitikia, watu wanapiga hatua. Polisi waliitazama siku ya kwanza. Walisikia mkia umeitika, wakatosheka. Jana jioni Mpelelezi aliirudia kwa uvivu tu, anasubiri chai yake ipoe, na chai ikapoa mpaka ikalala. Sauti ilikuwa ya Mwalimu bila shaka. Lakini ilisema, "Mkia yupo."

Akasikiliza ujumbe wa sauti wa Mwalimu kwenye simu za wanachama, mmoja baada ya mwingine. Salamu, ratiba, maonyo kuhusu viatu, na masahihisho ya lugha kwa watu waliotaka tu kujua gari linaondoka lini. Mwanamke huyo angeanguka mwenyewe kabla ya kuangusha sarufi. Basi sauti ilikuwa yake na neno halikuwa lake, na vitu hivyo viwili haviwezi kutoka kwenye mdomo mmoja.

Kufika Kona ya Tangi Mpelelezi alikuwa amelowa shati zima. Lakini alikuwa ameshachagua mahali pa kusimama, kwenye ukingo wa zege, ambapo angemwona kila atakayejitokeza nyuma ya mwamba. Mwenyekiti alisimama mbele. Hakujua chochote. Alivuta pumzi akaita.

"Kichwa kipo!"

Hakuna aliyejibu. Upepo ulipiga bati la tangi. Watu walisimama, chupa mikononi, kila mmoja anamsikiliza mwenzake anavyopumua. Katika miaka yote ya chama hicho, mwito ule haukuwahi kukosa mwitikio. Mwenyekiti alimwangalia Mpelelezi, Mpelelezi akamwonyesha kwa kidole: tena.

"Kichwa kipo!"

"Mkia yupo!"

Ilikuwa sauti ya marehemu. Mwanamke mmoja alishika mkono wa jirani yake. Kinyozi alisema jina la Mungu. Na binti wa marehemu alikuwa amesimama kwenye mwamba, kiganja kimefunika mdomo ambao ulikuwa umeshasema.

Mpelelezi hakupaza sauti. Aliwaomba wengine watangulie juu wakapumzike, akamwomba binti akae naye kwenye ukingo wa tangi. Alimpa maji yake. Hayakuwa baridi, lakini binti aliyanywa.

"Koplo yuko wapi, dada?"

"Ameketi kule chini. Kwenye jiwe."

"Ulimwona ameketi, ukamwitikia."

"Sikukusudia, Afande. Nimezoea."

Alimweleza polepole, na Mpelelezi hakumharakisha. Magoti ya mama yake yalianza kukataa mwaka jana. Kufika Kona ya Mawe alikuwa hajiwezi. Angeketi kidogo kwenye jiwe, binti angepanda na wenzake, Kona ya Tangi ingefika, na binti angeitikia kwa niaba yake. Baadaye mama angejivuta taratibu, awakute kileleni, hakuna aliyejua. Ilikuwa siri ya watu wawili. Mama alimwapisha asimwambie mtu, hata mumewe, kwa sababu wakijua wangempa mtu mwingine umkia, na mzee akishanyang'anywa kazi yake ya mwisho huanza kufa kwa miguu.

"Alikuwa akikusahihisha?" Mpelelezi aliuliza. "Ile yupo."

Binti alitikisa kichwa. "Alikuwa hanisikii, yuko mbali kule chini. Na wenzetu wakifika hapa wamechoka, husikia sauti tu, si neno. Na mimi nikiitika, simsemei mkia. Namsemea mama."

Siku ile mama hakutokea kileleni. Binti alidhani magoti yamemshinda kabisa, amegeuza kurudi kwenye gari, kama alivyowahi kufanya mara moja. Mwenyekiti alipouliza, alisema Mwalimu ametangulia kushuka. Walikula machungwa yao, wakashuka kwa njia ya upande wa pili, kama ilivyo kawaida yao. Kwenye gari hakukuwa na mtu.

"Kwa nini hukutuambia?"

Alisema kwamba alipoambiwa mama yake kaanguka juu ya tangi, alipiga hesabu yake mwenyewe: mama aliinuka kwenye jiwe, akajivuta hadi hapa, akamkuta mkwe wake anafunga kiatu. Na walikuwa wamegombana. Hakutaka kumsingizia mume wake na hakuweza kumtetea, akanyamaza. Usiku alikuwa anajiuliza amezaa watoto na mtu gani.

"Mumeo alisema hakupita mtu," Mpelelezi alisema. "Alisema hivyo siku ya kwanza, na hajabadilisha neno. Hatukumwamini kwa sababu mkia uliitika."

Aliyaacha maneno hayo yaingie. Yaliingia. Binti aliangalia njia kuelekea chini, pale inapopotelea nyuma ya mwamba, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo kama wa mtu anayesoma barua yenye maandishi madogo.

Simu ya Mpelelezi iliita. Alikuwa Koplo. Alisema jiwe linacheza. Alipoketi katikati lilitulia, lakini alipojivuta ukingoni ili ainuke lilibinuka kuelekea korongoni, na kama si kushika mzizi wangekuwa wanamtafuta yeye sasa. Tena kulikuwa na kitu kwenye kokoto, chini ya jiwe, kimebanwa. Mpira mweusi wa fimbo.

"Usiuguse. Na toka hapo kwenye jiwe."

"Nimeshatoka zamani, Afande."

Akampigia mkuu wa kituo. Alimwambia lile jalada lisipewe sahihi, anakuja nalo lingine, na yule kijana wa rumande apewe simu yake na viatu vyake. Mkuu alinguruma kidogo, kama wakubwa wanavyopaswa kunguruma, kisha akakubali. Mpelelezi alimuuliza binti kama anataka kusema na mumewe.

"Si kwa simu," alisema. "Nitamwambia mwenyewe, ananiangalia."

Kilichobaki Mpelelezi alikuwa nacho kichwani tangu ripoti ya hospitali ifike, na alitamani asiulizwe. Aliulizwa.

"Alikufa hapohapo?"

Wahenga wanasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na nyumba hii ilikuwa imeshachelea vya kutosha. Mpelelezi alifikiria uongo mmoja mzuri, ukamfika kwenye ulimi, akaumeza.

"Hapana. Daktari anasema aliishi muda."

"Muda wa kutosha?"

"Angeokotwa mapema, pengine."

"Tulipokuwa tunakula machungwa alikuwa hai."

"Nafikiri hivyo."

Binti hakupiga kelele. Alilia kimya, na Mpelelezi alikaa pembeni yake akiangalia viatu vyake vyenye vumbi, kwa sababu hakuna jalada linaloeleza afisa afanye nini hapo. Alimwonea huruma. Binti alikuwa amemwokoa mume wake na kumpoteza mama yake mara ya pili, yote kwa neno moja, na hakuna sheria aliyoivunja ambayo Mpelelezi angeweza kumwandikia.

Watu wa juu walishuka walipoitwa. Mwenyekiti aliambiwa ukweli kwa ufupi, naye kwa mara ya kwanza alikuwa yeye aliyeachama. Hakukuwa na aliyemlaumu binti kwa mdomo. Kinyozi alivua kofia yake, akaivaa tena. Ilibidi warudi kwa njia ileile, Koplo alikuwa anawasubiri na ushahidi wake, lakini sheria ya chama ni kwamba hakuna kuondoka bila mkia. Mwenyekiti alisita, akawaangalia mmoja mmoja. Kila mtu aliona kokoto za kuangalia.

Binti aliinuka, akajifuta uso kwa kitambaa, akapita katikati yao mpaka nyuma ya wote. Akasimama hapo.

Walishuka. Walipofika Kona ya Mawe, Koplo alikuwa ameshazungushia jiwe utepe, wakapita kwa kubana mwamba, mmoja mmoja. Ng'ambo ya kona Mwenyekiti alisimama, akaita, lakini hakupaza sauti kama kawaida yake.

"Kichwa kipo."

"Mkia upo," sauti ilijibu nyuma ya mwamba.

Kinyozi aliinamisha kichwa. Wengine walianza kutembea, maana kwao jambo lilikuwa limekwisha, sauti mbili zimepatikana. Mpelelezi alibaki. Alirudi juu, tumbo lake likilalamika, akazunguka mwamba ili aone kwa macho yake. Binti alikuwa amesimama katikati ya njia, mbali na jiwe, miguu yote miwili juu ya udongo mgumu, anamsubiri apite kwanza.

"Tangulia, Afande," alisema. "Hakuna anayetembea nyuma ya mkia."